Mlangoni baridi, katikati jasho: namna ya kukabiliana na tofauti za joto ndani ya ndege ya safari ndefu

Kabini ya ndege kubwa si chumba kimoja chenye kiyoyozi kimoja. Ni vyumba kadhaa visivyo na kuta, kila kimoja kikiwa na bomba lake la hewa, kipimajoto chake na joto lake lililopangwa. Ndiyo maana abiria wa kiti cha 31A anaweza kuwa amejifunika hadi puani huku wa 38E ameshavua sweta na soksi, na wote wawili wakamlalamikia mhudumu yuleyule ndani ya dakika tano. Wote wawili wanasema kweli.

Tunaanza na chanzo cha tofauti hizo, kwa sababu ukishakijua utatambua lipi unaweza kulirekebisha mwenyewe, lipi ni la kumwomba mhudumu, na lipi halina dawa mpaka ndege itue. Anayetaka kujua tu avae nini na akae wapi aruke hadi Hatua ya 1, ingawa atakuwa amekosa sehemu tamu.

Hewa inavyogawanywa

Ndege ikiwa kwenye kimo cha mita 11,000, hewa ya nje huwa karibu nyuzi 56 za Selsiasi chini ya sifuri. Hewa ya kupumua huchotwa kwenye kompresa za injini, ambako imeshinikizwa hadi ikawa ya moto sana, nyuzi 200 hivi. (Boeing 787 imeachana na mtindo huo; yenyewe hushinikiza hewa ya nje kwa kompresa za umeme.) Hewa hiyo hupozwa na mashine za kiyoyozi, kwa kawaida mbili, zilizo tumboni mwa ndege karibu na mabawa. Kisha huchanganywa na hewa iliyokwisha zunguka kabinini na kupita kwenye filta za HEPA, yaani vichujio vinavyonasa vumbi na vijidudu. Mchanganyiko huwa karibu nusu kwa nusu, na hewa yote ya kabini hubadilika kila baada ya dakika mbili au tatu.

Kutoka hapo hewa hupanda kwa mabomba hadi darini, hutokea kwenye nafasi nyembamba juu ya makabati ya mizigo, hushuka ikizungukia abiria, na hutokea chini, kwenye matundu yaliyo pale ukuta unapokutana na sakafu. Hewa husafiri zaidi kutoka juu kwenda chini kuliko kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo joto la safu ya 20 halifiki safu ya 40 kirahisi, na ubaridi wa mlangoni hauchanganyiki haraka na hewa ya katikati.

Sasa kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui. Mashine za kiyoyozi hazitengenezi hewa ya joto tofauti kwa kila kanda, yaani kwa kila kimoja cha vile vyumba visivyo na kuta. Zinatoa hewa ya joto moja, na joto hilo huamuliwa na kanda inayodai ubaridi kuliko zote. Kanda nyingine zote hupokea hewa hiyohiyo baridi, halafu kila moja huongezewa hewa kidogo ya moto kupitia vali yake.

Tuseme kanda ya katikati ya daraja la kawaida ina abiria 120, na kanda ya mbele ya daraja la biashara ina 30. Mtu aliyekaa ametulia hutoa joto la wati 100 hivi. Abiria 120 basi ni kilowati 12, sawa na kuwasha majiko sita ya umeme ya wati 2,000 ndani ya eneo hilo, na hapo hujahesabu skrini wala vifaa vya umeme vilivyo chini ya viti. Ili kanda hiyo ibaki kwenye nyuzi 23, kompyuta inaweza kuagiza hewa ya nyuzi 12. Kanda ya mbele, yenye watu wachache, inatosheka na hewa ya nyuzi 19. Kwa hiyo mashine zitatoa hewa ya nyuzi 12, na vali ya mbele itaongeza hewa moto mpaka ifike 19. Vali hiyo ikikwama imefungwa, watu wa mbele watapulizwa nyuzi 12 safari nzima. Njia iliyobaki ni kupandisha joto la hewa ya ndege nzima, na hapo wa katikati ndio watakaotoka jasho. Ukisikia mhudumu akisema "tumejaribu, haikubali", mara nyingi anazungumzia hali ya namna hii, wala hakudharau.

Idadi ya kanda hutegemea ndege. Airbus A320 ina tatu: chumba cha marubani, kabini ya mbele na kabini ya nyuma. Boeing 777 ina sita za abiria mbali na ile ya marubani. Mipaka ya kanda hufuata mabomba, na mara nyingi inaangukia karibu na milango. Haifuati mapazia ya madaraja. Daraja moja la kawaida linaweza kuwa na kanda mbili au tatu ndani yake, na tiketi haikuambii mpaka uko wapi.

Vipimajoto navyo vina kasoro yake. Kwenye A320, hewa huvutwa kupita kwenye vipimajoto vya kabini na feni zilezile zinazonyonya hewa ya vyoo na majiko. Kinachosomwa ni hewa ya mahali pamoja, sehemu ya juu ya kabini. Miguu yako haina kipimajoto. Skrini ya mhudumu inaweza kuonyesha 24 bila kudanganya, na vifundo vyako vya miguu vikawa kwenye 18.

Hatua ya 1: Isome ramani ya viti kama ramani ya joto

Kabla ya kulipia kiti, angalia mambo manne kwa mpangilio huu: milango, ukuta, msongamano, na majiko.

Milango ndiyo mibaya kuliko yote. Mlango wa ndege umejaa vyuma, mitambo na boya la kutelezea, hivyo nafasi ya kuweka kizuia baridi ni ndogo kuliko ukutani. Chuma hubeba baridi ya nje moja kwa moja hadi ndani. Mbele ya mlango kuna uwazi usio na viti, kwa hiyo hakuna miili ya kupasha hewa hapo. Hewa iliyopoa kwenye uso wa mlango huwa nzito, hushuka na kutambaa sakafuni kuelekea safu ya kwanza inayoukabili. Katika safari ndefu si ajabu kukuta ukungu wa barafu kwenye pembe ya chini ya mlango. Baadhi ya ndege zina vipasha joto vya umeme eneo hilo, lakini usivitegemee. Kiti cha mlango wa dharura kinauzwa ghali kwa sababu ya nafasi ya miguu. Miguu hiyohiyo ndiyo itakayoganda.

Ukuta unafuata. Kiti cha dirishani hupoteza joto kwa njia ambayo kipimajoto cha hewa hakiioni: mwili wako unamulika joto kuelekea uso ulio baridi kuliko wewe. Hewa inaweza kuwa nyuzi 23 na bado bega la upande wa dirisha likauma. Mkiani hali huzidi kidogo, kwa kuwa ndege inapungua upana: abiria kwa kila safu wanapungua ilhali ukuta uko palepale.

Msongamano ni kinyume chake. Joto zaidi hukaa kwenye viti vya katikati, safu zilizo mbali na mlango wa mbele na wa nyuma kwa umbali sawa. Pale umezungukwa na miili kila upande na huna ukuta wa kukupoza. Kiti cha kati cha safu ya namna hiyo, kwenye ndege iliyojaa, ndicho kiti chenye joto kuliko vyote.

Majiko hubadilika na saa. Wakati wa kupasha chakula oveni hutoa joto na pazia hufunguliwa kila mara. Saa tatu baadaye jiko hilohilo, lililo ubavuni mwa mlango, ni mahali pa baridi. Safu inayopakana na jiko la nyuma hupata yote mawili, jambo ambalo halimfai mtu anayetaka kulala.

Kwa hiyo: anayesikia baridi haraka achukue kiti cha kwenye njia, katika viti vya katikati, angalau safu nne kutoka mlango wowote. Anayeteswa na joto achukue dirisha, na ahakikishe aina ya ndege ina matundu binafsi ya hewa juu ya kiti. Ndege nyingi za safari ndefu hazina matundu hayo siku hizi. Angalia picha za kabini ya shirika husika. Na kama ndege haijajaa, ujue itakuwa ya baridi kuliko kawaida, kwa sababu miili inayotoa wati 100 kila mmoja ni michache.

Hatua ya 2: Vaa kwa tabaka, usivae koti

Jiandae kwa hali mbili ndani ya safari moja: nyuzi 19 na nyuzi 27. Koti zito linafaa hali moja tu, na ukilivua halina pa kukaa.

Tabaka la ndani liwe jembamba na lenye mikono mirefu, la sufu laini au kitambaa kinachokauka haraka. Pamba tupu hunyonya jasho ukiwa unakimbizana na mzigo uwanjani, kisha inakupoza saa mbili baadaye ukiwa angani. Hewa ya kabini ina unyevu wa asilimia 10 hadi 20 tu, hivyo jasho hukauka upesi na huondoka na joto lako. Juu yake vaa sweta yenye zipu ya mbele, ili uweze kuifungua nusu bila kusimama. Tabaka la tatu liwe shali au skafu pana. Hiyo ndiyo nguo yenye kazi nyingi kuliko zote: shingoni, mapajani, au kati ya bega na ukuta.

Miguuni beba soksi mbili: moja nyembamba ya kupandia, nyingine nene na pana ya kubadilisha. Usivae mbili kwa pamoja ndani ya kiatu kinachobana. Miguu huvimba safarini, na soksi inayobana huzuia damu, na mguu usiopata damu ya kutosha hupoa hata ukiufunika mara tatu. Suruali isiyobana magotini, kwa sababu hiyohiyo.

Ukitaka kipasha joto cha kubandika, kile cha unga wa chuma, kumbuka kuwa hufanya kazi kwa kuvuta oksijeni hewani. Kabini huwekwa shinikizo la kimo kisichozidi mita 2,400, ambapo oksijeni ni pungufu kwa robo hivi kuliko usawa wa bahari, kwa hiyo hakitachemka kama kinavyochemka nyumbani. Kiweke juu ya nguo na kamwe si juu ya ngozi, tena kitoe kabla ya kulala. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu asikitumie kabisa. Fulana za kupashwa na betri zinaruhusiwa kwa masharti: betri ya akiba isafiri kwenye mzigo wa mkononi, na ikiwa ni zaidi ya wati-saa 100 unahitaji kibali cha shirika.

Hatua ya 3: Usihukumu joto ndege ikiwa chini

Nusu saa ya kwanza haikuambii lolote kuhusu safari. Ndege iliyokaa juani imejaa joto kwenye viti na kuta, na kiyoyozi kinategemea injini ndogo ya mkiani au bomba la uwanjani. Injini kubwa zinapowashwa, kwenye ndege nyingi mashine za kiyoyozi huzimwa kwa muda kwa sababu hewa ya shinikizo inahitajika kuzungusha injini. Ule ukimya wa ghafla na joto la kufukuta linalofuata ni kawaida, hautachukua muda.

Ukiona moshi mweupe ukishuka kutoka darini kabla ya kuruka, hasa mahali penye unyevu mwingi, kwa kawaida huo ni mvuke: hewa baridi imekutana na hewa yenye maji. Moshi wa kweli una harufu.

Teremsha kivuli cha dirisha upande wa jua. Sweta vua, lakini iweke mapajani. Usiiweke kwenye kabati la juu, kwa sababu utaihitaji wakati taa ya mkanda bado inawaka.

Hatua ya 4: Tafuta baridi inatoka wapi

Ndege ikishakaa kwenye kimo chake kwa nusu saa, fanya uchunguzi wa dakika mbili kwa kiganja cha mkono.

Inua kiganja juu ya kichwa, kisha kisogeze kulia na kushoto. Ukihisi upepo unaopiga sehemu moja, ni tundu binafsi, lako au la jirani. Lifunge lako kwanza. Kama upepo unaendelea, unatoka kwake. Mwombe aligeuze, hana haja ya kulifunga. Tundu likitumiwa vizuri hufunguliwa robo na kuelekezwa lipulize mbele ya uso, si usoni. Kulifunga hakutapasha kabini, kwa kuwa hewa nyingi inakuja kwenye nafasi za darini.

Weka kiganja sentimita mbili kutoka ukutani, usiuguse. Ukihisi kama ukuta unavuta joto la kiganja, hilo ndilo tatizo la kiti cha dirishani. Teremsha kivuli, kisha jaza mto au shali iliyokunjwa mara nne kati ya bega, nyonga na ukuta. Blanketi lililotandazwa juu yako halisaidii upande huo kama ubavu wako umegusa plastiki baridi. Kwa 787, ambayo dirisha lake hutiwa giza kwa kitufe, hakuna kivuli cha kuteremsha, hivyo shali hubeba kazi yote. Maua ya barafu yanayojitokeza karibu na kijitundu cha kioo cha kati hayana madhara. Tundu hilo ni la kusawazisha shinikizo kati ya vioo.

Mwisho shusha mkono hadi sakafuni. Sakafu ikiwa baridi kuliko hewa ya magotini, inua miguu: begi laini chini ya nyayo linatosha kuitenga na sakafu. Lakini tazama usizibe matundu ya chini ukutani kwa begi au blanketi. Abiria wengi wa dirishani huyaziba bila kujua, halafu wanashangaa hewa ya safu yao imesimama: haiwezi kushuka vizuri kutoka darini kama chini haina pa kutokea.

Usipopata upepo, wala ukuta, wala sakafu, basi ni hewa ya kanda nzima. Hapo ndipo mhudumu anahusika.

Anayependa namba anaweza kubeba kipimajoto kidogo cha kidijitali chenye kupima na unyevu. Kiache dakika 10 hadi 15 kabla ya kusoma, mbali na mwili kwa upana wa viganja viwili. Pima mara tatu: sentimita 10 kutoka sakafuni, 60, na 110, yaani kifundoni, kiunoni na kichwani kwa mtu aliyeketi. Tofauti ya kichwa na kifundo ikizidi nyuzi 3, mwili utalalamika hata kama wastani ni mzuri, na dawa yake iko miguuni: kubadilisha joto la kanda hakutaiondoa. Joto linaloonyeshwa na simu huwa ni la betri yake, si la hewa. Kipimajoto cha zebaki kiache nyumbani. Zebaki hula aluminiamu, na ndege nyingi zimeundwa kwa aluminiamu kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 5: Namna ya kumwomba mhudumu

Kwanza jua uwezo wake. Marubani huweka joto la msingi. Kiongozi wa wahudumu, kwenye ndege nyingi, ana skrini inayomruhusu kuongeza au kupunguza nyuzi mbili au tatu kwa kila kanda. Zaidi ya hapo lazima apige simu mbele.

Jua pia kwamba yeye anahisi joto tofauti na lako. Anayesukuma toroli hutoa joto karibu mara mbili ya aliyekaa. Nyuzi 24 zinazokufaa wewe zinamtoa yeye jasho chini ya sare. Ndiyo sababu kabini mara nyingi hupozwa wakati wa chakula, na ndiyo sababu ombi linalosikika ni lile la baada ya vyombo kukusanywa.

Mpe habari inayotumika. "Kuna baridi" haimsaidii, kwa kuwa dakika moja iliyopita mtu mwingine amesema kuna joto. Sema hivi: "Samahani dada, safu ya 42 hadi 46 upande wa kushoto tunapata baridi, hata majirani wamejifunika. Si upepo wa juu, ni hewa yote. Mnaweza kutuongezea nyuzi moja?" Namba za safu zitamwambia ni kanda gani. Kuwataja majirani kunamwonyesha si wewe peke yako. Nyuzi moja ni ombi ambalo hata mwenye kusikia joto halitamuudhi.

Kisha subiri dakika 20. Hewa hubadilika haraka lakini viti, kuta na sakafu havibadiliki, na mwili wako unahisi vyote. Kosa linalorudiwa kila usiku angani ni hili: abiria analalamika, joto linapandishwa nyuzi tatu, baada ya dakika tano analalamika tena, linapandishwa tena, na nusu saa baadaye kanda nzima imeamka inajipepea kwa kadi za usalama. Halafu linashushwa kwa nguvu, na duru inaanza upya.

Maji ya moto kwenye chupa? Wahudumu wengi watakataa, na wana haki. Chupa ikifunguka mapajani ni jeraha la moto saa sita kutoka hospitali. Wakikubali, iwe maji ya uvuguvugu, kifuniko kikazwe, na chupa ivalishwe soksi. Mtoto asipewe.

Hatua ya 6: Usiku wa manane wa mwili wako

Joto la ndani la mwili hushuka chini kabisa saa mbili hivi kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Ukiwa umezoea kuamka saa 12 asubuhi, basi saa 10 alfajiri ya nyumbani ndiyo saa yako ya kutetemeka, hata kama nje ya dirisha ni mchana na kipimajoto hakijasogea. Piga hesabu hiyo kabla ya kulala, na uvae tabaka la tatu saa moja kabla. Kujipasha baada ya kuanza kutetemeka huchukua muda mrefu zaidi.

Blanketi lianze chini. Likunje chini ya nyayo, lipandishe, kisha uliingize pande zote mbili za mapaja. Blanketi lililotupwa juu tu huacha njia ya hewa chini ya magoti. Funga mkanda juu ya blanketi ili mhudumu asikuamshe kuukagua. Pombe itakudanganya: hufungua mishipa ya ngozini, unahisi joto, kumbe ndilo linalotoka.

Wa daraja la biashara wasidhani wamesalimika. Watu wachache maana yake ni joto kidogo na pumzi kidogo, na pumzi ndiyo inayoleta unyevu. Hewa yao huwa kavu kuliko ya daraja la kawaida. Anayelala chali karibu na sakafu, ubavu mmoja ukutani, anahitaji shali yake kama abiria wa 31A.

Watoto, wazee na dawa

Mtoto mchanga mvalishe tabaka moja zaidi ya lako, na umkague kwa kugusa shingo ya nyuma. Viganja na miguu yake huwa baridi hata akiwa sawa, kwa hiyo visikuongoze. Shingo ikiwa na jasho, punguza. Usimfunike uso, na kwenye kitanda cha ukutani usiweke blanketi lisilofungwa. Mtoto anayelala juu ya mzazi tayari ana kipasha joto cha wati 100 chini yake.

Kwa mzee, au mwenye upungufu wa damu, au ambaye tezi yake ya shingo inafanya kazi kidogo, kiti cha mlangoni ni kosa hata kikitolewa bure. Tatizo la joto nalo lisidharauliwe: joto, ukosefu wa maji na hewa yenye oksijeni pungufu ni mchanganyiko unaoangusha watu wanaposimama ghafla kwenda chooni. Aketi wima dakika moja, akanyage sakafu mara kadhaa, ndipo asimame.

Insulini isiende kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ikiganda imeharibika. Kabinini iweke ndani ya begi chini ya kiti cha mbele, mbali na ukuta na mlango.

Kinachoharibika, na cha kuripoti

Matone ya maji yakikudondokea wakati wa kushuka, si bomba la choo. Usiku kucha unyevu wa pumzi za abiria umepenya nyuma ya paneli na kuganda kwenye bodi baridi ya ndege. Joto la nje likipanda, barafu inayeyuka. Hutokea zaidi karibu na milango na kwenye viungo vya dari. Sogeza simu na upanguse.

Kanda nzima ikiwa baridi au moto kupita kiasi wakati ya jirani iko sawa, shuku vali ya hewa moto au kipimajoto. Ndege nzima ikielemewa na joto huenda mashine moja ya kiyoyozi imezimwa. Lakini kama ni safu moja au mbili tu, upande mmoja, na upepo baridi hausiti hata joto la kanda likipandishwa, mara nyingi ni bomba la hewa lililochomoka nyuma ya paneli. Hilo fundi hulirudisha akishajua alitafute wapi, na ndege inaweza kuruka nalo kwa muda mrefu kwa sababu kila abiria amesema tu "kulikuwa na baridi". Kabla ya kutua, mwombe mhudumu aliandike kwenye kitabu cha hitilafu za kabini: namba ya safu, kushoto au kulia, na kimo ambacho upepo unatokea, ikiwa ni darini, begani au kifundoni.